Sale Halikataliwi

Jumatatu, 2 Desemba 1996

Nimenyoa. Mara mbili, kwenda na kurudi, kwa wembe wa juzi. Ngozi inawaka. Melkiori anasema poda itaficha. Poda haifichi kitu, inaufanya uso ufanane na andazi. Lakini Melkiori ndiye mkurugenzi wa kikundi, na mkurugenzi anajua yote, hata poda.

Mazoezi ukumbini Majengo tangu asubuhi. Mchezo ni ule ule. Dereva wa lori analeta ukimwi nyumbani, anakufa, shemeji anakuja kumrithi mjane. Mjane ni Mama Pendo. Mama Pendo ni mimi, mwaka wa pili sasa. Walinipa nafasi hiyo kwa sababu hakuna mzazi anayeruhusu binti yake azunguke vijijini na waigizaji, na wakaona ni kichekesho kizuri, Deodati ndani ya kanga. Hawakujua wamenipa nini. Wajinga huwa wakarimu bila kukusudia.

Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuandika. Mimi ni mwanamke. Jukwaani nafanya kazi tu, napumua. Nikishuka na kuvaa suruali ndipo naanza kuigiza.

Ratiba imebandikwa mlangoni. Old Moshi, Holili, kisha Marangu tarehe 23, uwanja wa shule, chini kidogo ya kwa mama. Mama hajawahi kuniona. Anajua niko kwenye sanaa, nadhani anafikiri napiga ngoma. Nataka aje, akae, anione. Hicho tu. Mengine yote ya kikundi hiki nayavumilia kwa ajili ya hicho.

Alhamisi, 5 Desemba

Old Moshi. Matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Watu walijaa hata hivyo, kwa sababu ni bure.

Tulikwenda vizuri mpaka tukafika pale pa sale. Melkiori, ambaye ndiye shemeji, akapiga goti na jani la sale mkononi. Watu wa huku milimani hawahitaji maelezo. Anayekuletea sale amekuomba, na anayeombwa kwa sale hakatai, hata kama alichinjiwa mtoto. Mama Pendo analipokea. Analitazama. Analipeleka zizini, anampa ng'ombe, anarudi mikono mitupu na kusema chai imepoa. Bibi mmoja alifunika uso.

Melkiori huwaambia wageni wa mradi wa ukimwi unaotufadhili kwamba sehemu hiyo aliitunga yeye. Melkiori hajawahi kutunga hata uongo mzuri. Ile ni ya mama. Baba alipokufa nilikuwa na miaka tisa, baba mdogo akaja na sale kumtaka mama. Nilikuwa nyuma ya migomba. Mama akachukua lile jani, akaingia nalo zizini, akatoka mikono mitupu. Akamwambia chai imepoa. Baba mdogo akaondoka na hakurudi tena kwa shughuli ile. Mwendo wa Mama Pendo ni wa mama. Kufunga kanga kwa kushika ncha na meno, ni mama. Kusonya bila kufungua mdomo, ni mama. Sina kingine ninachojua kuhusu uanamke, na kinanitosha.

Baada ya mchezo wanawake walinifuata nyuma ya darasa. Waliniuliza mambo ambayo hawamwulizi mganga wa zahanati. Nikawajibu ninayoyajua. Mzee mmoja naye alimwuliza Melkiori kama nimeolewa. Melkiori alicheka hadi mjini, akakohoa, akacheka tena. Yule mzee ana mtoto wa jicho na bado anaona kuliko yeye.

Jumapili, 8 Desemba

Soko la mitumba la Memorial. Nimepata gauni la kijani lenye vifungo vya mbele. La Mzungu fulani mnene, aliyelitupa. Nikilipunguza kiunoni litakaa. Hili ni la Marangu.

Nilipotoka, kaka Prosper. Duka lake la spea liko karibu, na tangu magari ya Japani yaanze kumiminika amenenepa kila mahali isipokuwa akilini. Ni mwenyekiti wa ujenzi wa kanisa kule nyumbani. Habari za Old Moshi zimemfikia. Hakunisalimu. Alitazama mfuko wangu kana kwamba una nyoka.

Anaogopa vitu viwili na anaviita kwa jina moja, heshima. Gauni ni cha kwanza. Cha pili ni lile jani. Baba mdogo bado yu hai, anakaa kiti cha mbele kanisani, na mtu yeyote wa Marangu akiliona atajua ni nani anayesemwa. Nikamwambia yule si baba mdogo, ni shemeji wa mchezo. Akasema, "Deo, mama ana presha. Ukipanda pale na gauni, utamzika wewe."

Mama hubeba mkungu mzima wa ndizi kichwani kutoka mtoni. Presha anayo Prosper.

Jumatano, 11 Desemba

Holili. Vumbi, mbwa, foleni ya malori yanayosubiri kuvuka Kenya. Tulicheza mbele ya madereva, yaani mbele ya mume wa Mama Pendo mara sitini.

Walilia. Kweli, walilia, wanaume wenye shingo kama magunia. Kisha wakajipangusa, wakaenda kule kule walikokuwa wakienda jana, nyumba ya wageni nyuma ya forodha. Sale hawakulielewa, wengi si watu wa milimani. Wakamcheka ng'ombe.

Mmoja alinishika mkono akasema anaitwa Rama na ana redio kubwa. Nilipomjibu kwa sauti yangu nzito aliuachia mkono haraka kama aliyeshika sufuria ya moto. Akanitukana kwa neno wanalotutukana nalo. Alipolisema alikuwa bado ana machozi ya mchezo mashavuni.

Sikuumia. Ni uongo, niliumia. Lakini kwa muda mfupi.

Jumamosi, 14 Desemba

Pikapu nyeupe uani pa ukumbi. Naijua. Ya Prosper. Melkiori anaizunguka na kitambaa, anafuta vioo, anaimba.

Prosper amekikopesha kikundi, akasema Melkiori, kwa moyo wa kizalendo. Halafu akatukalisha, akatoa hotuba. Mradi unataka ushiriki wa wanawake. Kwa hiyo Marangu Mama Pendo atakuwa mwanamke halisi. Mwanamke halisi ni Yustina, mpwa wake, miaka kumi na tisa, analelewa na bibi yake Kibosho. Bibi amekubali kwa kuwa mjomba yupo. Kuhusu pikapu na ushiriki wa wanawake hakuna aliyeuliza vinahusianaje. Waigizaji hawa hawaulizi kitu, wamezoea kupangiwa maneno.

Na mimi? Mimi nitacheza Ukimwi. Shuka jeusi kutoka kichwani hadi miguuni, macho mawili mekundu yamechorwa kwa rangi ya mlango. Nasimama pembeni mchezo mzima, nanguruma. Nimeshushwa kutoka mwanamke hadi ugonjwa, na Melkiori anataka nishukuru kwa kuwa ugonjwa unaonekana tangu mwanzo hadi mwisho.

Nikaomba Marangu tu. Moja tu, halafu anipe hata nafasi ya ng'ombe. Nilimwomba, mimi, nikamwita mkurugenzi. Akasema mambo yameshapangwa. Ninamdharau, na ninajidharau kwa kumwomba.

Jumanne, 17 Desemba

Nimepewa kazi ya kumfundisha Yustina. Si mbaya, huyu msichana. Ni mti tu. Anaongea na vidole vyake vya miguu. Anamwamkia kila mtu shikamoo, hata mimi, hata maiti ya mume wake. Nilimfundisha kufunga kanga kwa meno akasema bibi anasema ni uchafu.

Pale pa sale Melkiori anatumia kipande cha boksi, kwa uvivu wa kutafuta jani. Yustina anakichukua, anakipeleka, anarudi. Chai imepoa, anasema, kama anayesoma bei dukani. Melkiori anapiga makofi.

Wakati wa kupumzika aliniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia hapana. Akasema yeye hakutaka, anataka kujifunza ususi, ila mjomba amesema. Ni vigumu kumchukia mtu ambaye naye kapangiwa. Nimejitahidi.

Ijumaa, 20 Desemba

Sikunyoa leo. Sitanyoa kesho. Ugonjwa haunyoi.

Gauni la kijani liko tayari, limepunguzwa, limepigwa pasi. Linaning'inia msumarini. Nimefikiri nisiende. Kisha nikafikiri mama atakuwepo, atamwona binti wa Kibosho akiharibu maisha ya mama bila kujua ni ya nani. Naenda. Mtu wa kuyalinda awepo, hata chini ya shuka.

Jumatatu, 23 Desemba

Nitaandika kama ilivyotokea.

Marangu imejaa. Watu wa Dar wameshapanda kwa ajili ya Krismasi, na suti zao, na Kiswahili chao cha puani. Baba mdogo kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti. Prosper karibu naye. Mama safu ya pili na wanawake wa jumuiya, kitambaa cheupe kichwani. Gauni nililiacha mjini. Chini ya shuka nilikuwa na singlendi na suruali kuukuu, na ndevu za siku tatu.

Yustina alijikongoja hadi pale pa sale. Melkiori, kwa kuwa wageni wa mradi wapo na wana kamera, alikuwa amekata sale lenyewe kwenye ua wa shule. Jani bichi, refu, linalong'aa. Akapiga goti, akalinyoosha.

Msichana alilitazama na uso ukambadilika. Mtoto wa Kibosho, kalelewa na bibi. Boksi angeweza kumpa ng'ombe. Sale hakuweza. Akalipokea kwa mikono miwili, akapiga goti naye, akasema, "Nimepokea, shemeji."

Hapo mchezo ulikufa. Mjane kakubali kurithiwa. Melkiori alibaki na mdomo wazi kama mtungi. Wanawake wakaanza kunong'ona. Na baba mdogo akapiga makofi. Alipiga makofi, taratibu, mzee yule, huku akitikisa kichwa kuonyesha hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Mama akainamisha macho chini.

Sijui nilivua shuka lini. Nilikuwa tayari katikati. Nililitoa jani mikononi mwa Yustina, naye aliniachia, akahema kama aliyetuliwa mzigo. Nikatembea. Sikuwa na kanga, lakini mikono ilijifunga kanga, na meno yakashika ncha ambayo haikuwepo. Nilisonya bila kufungua mdomo. Nikaenda nyuma ya pazia, zizini, nikakaa muda ule ule aliokaa mama, nikarudi mikono mitupu. Nikamtazama, si Melkiori, baba mdogo. Nikasema chai imepoa.

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa Dar alijaribu, mwanamke wa pembeni akampiga kiwiko. Baba mdogo akasimama, akaitafuta fimbo aliyokuwa ameishika. Akaondoka.

Mama naye akasimama. Akakung'uta kanga. Akaondoka njia ya juu bila kugeuka. Ilikuwa saa ya kukamua.

Jumanne, 24 Desemba

Melkiori amenifukuza. Alinifukuza jana mbele ya wageni wa mradi, ambao walikuwa wakinipongeza, kwa hiyo ilimbidi aseme mara mbili. Wakapanda pikapu, wakaniacha barabarani na shuka. Yustina alinipungia mkono kutoka nyuma.

Nilipanda kwa mama kwa sababu sina pengine. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Akanipa bakuli la mtori. Hakusema neno zaidi. Leo pia hajasema. Prosper amekuja, ametoka, amekuja, anapiga milango ya nyumba isiyo yake. Nimechota maji, nimekata majani ya ng'ombe, nimesubiri. Ningependa anitukane. Kimya chake sikijui maana, na mimi nilidhani najua kila kitu chake.

Alhamisi, 26 Desemba

Prosper kachinja mbuzi. Wanaume walikaa kule chini migombani, pa kuchinjia, na pombe yao ya mbege. Hawakuniita. Nilikaa jikoni kwa mama, kwenye kigoda, namenya ndizi.

Kwetu nyama ina wenyewe. Fungu la mzee, la kaka, la mama, na la binti wa nyumba. Mama alizaa wavulana watupu, ndivyo isemwavyo, kwa hiyo fungu la binti kila mwaka hupelekwa kwa mtoto wake wa ubatizo, kule kwa jirani. Prosper alilileta kwenye jani la mgomba, akaliweka karibu na mlango tayari kupelekwa. Mama alikausha mikono. Akalichukua, akaliweka mbele yangu, akarudi kwenye chungu.

Prosper aliliona. Alifungua mdomo, akamtazama mama, akaufunga. Akaenda kuangalia kichwa cha mbuzi, ambacho kilikuwa kinaendelea vizuri bila yeye.

Nilikula. Nyama ilikuwa ngumu kidogo, ya mbuzi mzee. Prosper hajui kununua mbuzi.

Nilikuwa namalizia ndipo mama akasema, bila kunitazama, akiwa anakoroga.

"Ng'ombe alilinusa lile jani akalikataa. Nilikuja kulitia hapa motoni, kwa mlango wa nyuma. Lilikuwa bichi, likatoa moshi sana. Ndiyo maana nilikawia."

Kisha akaniambia niongeze kuni.

Niliongeza. Sasa niko uani, watoto wa Dar wanapiga kelele na baruti zao. Sina kikundi, lakini mchezo ninao kichwani, na nimeufungua pale pa sale nikarekebisha. Nimemwondoa ng'ombe. Nimeweka jiko, jani bichi, na moshi unaomfanya Mama Pendo akohoe kidogo kabla ya kutoka.