Jeshi la Udongo na Shamba la Chumbi

Bradford, Uingereza
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako Dada Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Hujambo dada, na watoto hawajambo? Mama miguu bado inamuuma, au ile dawa ya kuchua niliyompa yule baharia wa Mtunda imefika? Hilo nijibu kwanza, maana wewe ukiandika barua unaanza na kesi, salamu unazibana chini kabisa kwenye kona. Mimi mzima, alhamdulillahi. Baridi ilipoingia kifua kilinibana, sasa kimeachia. Kinachonisumbua si kifua.

Barua yako niliipata Jumatatu, na tangu siku hiyo sikai nikatulia. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda dirishani, na dirishani hakuna cha kutazama ila ukuta wa jirani na pipa la taka. Nimeanza kukujibu nikachana, nikaanza tena nikachana. Kazini, kule kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahospitali, nimekunja shuka moja mpaka msimamizi akaniuliza kama nataka kulioa. Umeniuliza neno moja tu: "Shabani, unarudi au hurudi?" Na sababu yake umeieleza. Baba Mdogo amesema mbele ya Mama kwamba shamba la marehemu baba pale Chumbi haliwezi kukaa mkononi mwa mwanamke wakati mtoto wa kiume yupo, na kama mimi sionekani kabla ya kupanda mpunga, atampa mwanawe Hamisi alilime. Ati asiyekuwepo na lake halipo. Loo! Baba Mdogo na methali zake! Na wewe uliyekuwepo muda wote huo, ukalima, ukapalilia, ukavuna, lako liko wapi?

Jibu nitakupa. Ila usiruke chini kulitafuta, nakujua ulivyo. Soma kwa mpango, maana jibu lenyewe nimelipatia mahali pa ajabu, kwenye mashindano ya kuchezea vinyago. Usicheke. Haya, cheka kidogo halafu tuendelee.

Pale kazini kuna mzee anaitwa Keith, anaendesha ile pasi kubwa. Ni mtu mkimya, ila siku moja wakati wa chai akatoa mfukoni kitu amekifunga kwenye leso, akakiweka mezani. Dada, lilikuwa zimwi. Zimwi la madini ya risasi, urefu wake kidole gumba, limepakwa rangi mpaka meno, mpaka kucha, mpaka tongotongo! Nikamuuliza, "La mtoto wako?" Akasema, "Langu." Mzee mzima! Akanieleza kwamba Jumamosi wanakutana ukumbi wa chini ya kanisa, watu wazima na akili zao, kila mtu na jeshi lake la mazimwi, majini, maiti wanaotembea, majoka, na wanapigana juu ya meza kwa kutupa dadu na kupima mwendo kwa futi kamba. Akasema kwa aibu kidogo, kama mtu anayekiri kwamba anapenda kula udongo. Mimi nikacheka mpaka chai ikanipalia. Akadhani namdhihaki. Nikamwambia, "Mzee, mchezo huo mimi nimekua nao. Nilicheza juu ya dungu."

Ikabidi nimweleze dungu ni nini. Jaribu wewe siku moja kumweleza Mzungu! Nikamwambia ni kibanda cha kulindia mpunga, kimesimama juu ya nguzo ndefu, unapanda kwa ngazi, mafuriko yakija maji yanapita chini na wewe uko juu na jiko lako na mkeka wako. Akauliza mnalinda nini. Nikamwambia ndege mchana, nguruwe kukiingia giza, na kiboko akija hulindi tena, unaomba Mungu. Akanitazama kama mimi ndiye niliyetoka kwenye yale majeshi yake.

Dada, unakumbuka? Mama alikuwa akituacha juu kule tuamie ndege, tuwafukuze mpungani, kamba ya makopo umejifunga wewe kwenye kidole cha mguu ili mikono ibaki na kazi ya kufinyanga. Udongo ule wa mtoni, mweusi, laini, ukiukanda vizuri unakutii. Wewe ulikuwa na jeshi la mashetani ya mtoni, na jemadari wako yule kiboko mwenye mabawa. Nikikuuliza kiboko ataruka vipi na tumbo lile unasema, "Yeye mwenyewe halalamiki, wewe kinakuuma nini?" Mimi nilikuwa na mamba wenye vichwa vingi, na jua likiwakausha vichwa vinadondoka, ukasema hao ni majeruhi, hawaruhusiwi kupigana. Mipaka tulichora kwa jivu. Tulirusha vile vipande vinne vya mwanzi, tumbo juu unapiga, mgongo juu unapigwa. Ndege wakishuka vita vinasimama, unapiga teke la mguu, makopo yanalia shamba zima, kisha tunaendelea pale pale tulipokomea. Sijui kama nimewahi kuwa na raha kama ile. Sidhani.

Na ulinishinda kila siku! Ulinishinda kwa sababu nusu ya mamba wangu niliwaacha nyuma kabisa, ukingoni mwa mkeka, wametazama nje. Ukaniuliza hawa wanafanya nini huku. Nikasema wanalinda nguruwe wasiingie. Ukapiga kelele, "Nguruwe hawamo kwenye mchezo!" Nikakujibu, "Nguruwe hangoji kuambiwa." Ulicheka nusura uanguke dunguni.

Basi, nikaanza kwenda kule ukumbini. Dada, nilikuwa nimekaa mji huu bila kuzungumza na mtu zaidi ya habari za asubuhi na mvua hii haishi. Pale nilibishana! Nilitania watu, wakanitania. Nimejifunza na kuswali kwenye chumba chao cha kuhifadhia viti, yule mama anayeshika funguo ananifungulia mwenyewe bila kuombwa, lakini usimwambie mwalimu wetu wa madrasa kwamba ni chini ya kanisa. Mwanzoni Keith aliniazima askari wake. Kisha nikaona mtu huazima sufuria, haazimi jeshi. Nikapata udongo fulani wa dukani unaojikausha wenyewe, nikakaa chumbani nikifinyanga. Mamba wamevaa vikoi. Kambale wenye mikuki. Na kiboko mwenye mabawa, ndiyo, nimemwiba, niletee askari. Keith alipomwona alimzungusha mkononi, kisha akaniandikisha kwenye mashindano.

Yalikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita. Watu walitoka miji mingine, ukumbi ulijaa meza, na juu ya meza vilima vya kitambaa cha kijani, misitu ya sifongo, nyumba ndogo zenye madirisha. Mashindano yangu ya kwanza. Mwamuzi aliwashika mamba wangu akawatazama chini na juu, maana hawakutoka dukani, nikadhani nimefukuzwa. Akauliza, "Wanavaa nini hawa?" Nikamwambia vikoi. Akasema hajaona sheria inayokataza vikoi.

Mchezo wa kwanza nilipigwa na jamaa mmoja mwenye ndevu na jeshi la mifupa. Wa pili nikapigwa na mwenzake. Nilipigwa vibaya, lakini nilikuwa na furaha, dada, sikuambii! Nilipiga kelele, nililia msiba wa kambale wangu kwa sauti mpaka meza za jirani wakageuka. Mchezo wa tatu nikakutanishwa na bibi mmoja anaitwa Dorothy, miwani kwenye kamba, zamani aliendesha basi. Jeshi lake ni vibete wenye mashoka. Akawa anacheza kimya huku ananyonya peremende. Katikati ya vita akanyoosha kidole kwenye kona yangu ya nyuma.

"Samahani mwanangu, hawa wanafanya nini huku?"

Nikatazama. Nusu ya jeshi langu limesimama ukingoni mwa meza, limetazama nje. Wallahi sikujua kama nimewaweka. Michezo yote mitatu niliwaweka, na Keith alidhani ni ujanja wa kwetu, hakutaka kuuliza.

Nikamwambia, "Wanalinda shamba."

Yule bibi akainama akatazama chini ya meza, kisha akanitazama mimi. "Lakini huko hakuna shamba, mwanangu. Meza imeishia hapo."

Hakunicheka. Alisubiri tu, na zamu ilikuwa yangu. Nikapeleka mkono niwaondoe wale askari niwatie vitani, mkono ukakataa. Watu wazima wamenizunguka, saa inakwenda, na mimi nimeshindwa kunyanyua mamba wa udongo! Kwa sababu pale pale ndipo nilipogundua kwamba siku nzima ile, tangu niamke, sikuikumbuka Chumbi hata mara moja. Tangu nitoke nyumbani haijawahi kupita siku hivyo. Asubuhi nawaza mvua imenyesha huko au haijanyesha, jioni nawaza nguruwe. Siku ile nilisahau, nikafurahi, na nilipogundua nikaogopa kama mtu aliyesinzia dunguni.

Nikawanyanyua. Nikawatia vitani wote. Haikusaidia, muda ulikuwa umekwenda, bibi alinimaliza kwa mashoka yake na akanipa peremende. Nilikuwa wa pili kutoka mkiani. Wa mwisho aliugua akaondoka.

Jumatatu ndiyo barua yako ikafika. Sasa unaelewa kwa nini nazunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Dada, tuseme kweli. Tangu niondoke, wakati ule milango ya nchi ilipofunguliwa na kila kijana akawa anatafuta pa kutokea, naandika "mwakani." Mwakani nakuja, inshallah mwakani. Sikuwa nadanganya, nilikuwa naamini. Lakini mwakani yangu imekukalia wewe shingoni. Ulitaka kupanda mikorosho kule juu yasikofika mafuriko, Baba Mdogo akakukataza, akasema mti wa kudumu hupandwa na mwenye shamba, na mwenye shamba yuko njiani. Ukalima mpunga, ukang'oa mabua, kila mwaka unaanza upya juu ya ardhi usiyoruhusiwa kuweka mzizi, kwa kumngoja mtu anayefua mashuka Bradford. Hata mimi nimechoka kumngoja mtu huyo.

Jibu ni hili. Sirudi. Sirudi msimu huu wala sitaandika tena mwakani. Nitakuja kuwaona nikijaliwa, lakini kuja kulima, sirudi.

Nimeandika. Imeniuma kuliko nilivyodhani. Baba alinionyesha mipaka ya shamba lile nikiwa nimekaa mabegani mwake.

Sasa msomee Baba Mdogo sehemu hii kwa sauti, Mama awepo, na imamu mumwite awe shahidi. Mama ana thumni yake, sehemu moja ya nane. Wewe una fungu lako la mirathi. Hayo hakuna wa kuwapa, ameshawapa Mungu. Linalobaki ni langu mimi, Shabani mtoto wa marehemu Athumani, na langu lote nampa dada yangu Mwanaisha. Ni hiba, zawadi isiyorudi. Simwazimi, wala hanishikii. Baba Mdogo, shikamoo, nakuheshimu, wewe ndiye uliyenifundisha kuogelea. Lakini Hamisi akitaka kulima Chumbi aende akamwombe mwenye Chumbi, na mwenyewe anaitwa Mwanaisha.

Panda mikorosho, dada. Panda minazi, panda na miembe, jaza. Usimuulize mtu.

Nisalimie Mama sana, umwambie chakula nakula. Nisalimie shangazi wa Nyamwage, yule muuza korosho wa pale mabasi yanaposimama, anibakizie maneno maana akianza hamalizi. Nisalimie fundi cherehani wa Kibiti aliyenishonea suruali ya safari, mwambie mpaka leo haijaachia uzi. Hamisi naye msalimie, sina ugomvi naye, na wanao wote wabusu mmoja mmoja.

Mimi wako mdogo wako, ambaye siku akifika Chumbi atasimama nje na kupiga hodi,

Shabani