Gunia Ulilotuletea Zombe

Kaka yangu Mutua,

Nimepata salamu zako kwamba unataka kuja nyumbani Desemba hii. Kabla hujapanda basi, soma haya.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitwanga mahindi ya muthokoi pamoja, wenzako wakikucheka kwamba unafanya kazi ya wasichana? Nilikuamini tangu siku hizo. Ndiyo maana mwaka ule wa njaa, ulipotoka kwako Kambu ukatuletea gunia la mahindi hapa Zombe, nilikupokea kwa machozi. Kilonzo, mume wangu, alikuwa ameenda kaskazini kununua mbuzi, na nyumbani hapakuwa na chakula. Niliona punje zenye kuvu ya kijani, nikakuuliza. Ukasema, "Ni unyevu tu, dada. Osha, anika, ukichemsha itaisha."

Nikaosha, nikaanika, nikachemsha. Mimi nilionja tu, ili Mwende wangu ashibe. Alikuwa na miaka sita.

Wiki ya tatu macho yake yakawa manjano, tumbo likajaa maji. Daktari alinieleza kwamba kuvu ile hutoa sumu, akaitaja jina, aflatoksini. Alisema inaharibu ini na moto wa jikoni hauiwezi. Akauliza mahindi yalitoka wapi. Nilikutetea, Mutua. Nilimwambia kaka yangu hakujua.

Ulibeba jeneza lake. Ulilia kuliko sisi wote.

Ulipohamia Mombasa ukamwacha mkeo, alikuja kwangu akaniambia yote. Kwamba kuku wenu walikula mahindi yale wakafa. Kwamba ulimkataza kuyapika, kisha ukashona gunia upya, kwa sababu uliona aibu kuja kwa dada yako mikono mitupu.

Ungekuja mikono mitupu, kaka. Tungekaa njaa pamoja, kama tulivyozoea.

Nimelibeba hili peke yangu miaka tisa. Sina nguvu ya kukulaani, wala ya kukusamehe. Kilonzo sijamwambia, hata yale maneno ya daktari. Kila Jumapili, tukiombea jamaa walio mbali, anakutaja kwa jina na kumshukuru Mungu kwa lile gunia.

Njoo basi. Lakini hutakaa mezani kwangu kabla hujamwambia kwa mdomo wako mwenyewe.

Ni mimi, dada yako uliyenifuata kuzaliwa,
Syombua