Mstari Mmoja wa Toleo la Saba

Morogoro,
Jumapili, 19 Agosti 2001

Mpendwa Dada Scholastika,

Shikamoo, dada. Tumsifu Yesu Kristo. Nakuuliza hali, na tafadhali usinijibu kwamba hujambo tu kama ulivyozoea, maana Angelina ameniambia kikohozi cha masika hakijakuachia, na kwamba bado unapanda matuta na kikapu kichwani. Magoti je? Na Joyce, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii, hajambo? Mwambie mjomba wake anamsalimu, na akae karibu na mlango apate mwanga, kwani mwandiko wangu si ule wa zamani. Sisi huku tu wazima. Hosiana anakusalimu sana. Watoto wanasoma. Mimi nimechoka tu, dada. Si ugonjwa, ni kuchoka.

Angelina alinikuta sokoni Jumamosi ya tarehe 11, kabla hata hajashusha matenga yake ya kabichi, akanipa ujumbe wako wote bila kupunguza. Alisema Fransisko, mtoto wa marehemu Mjomba Emmanuel, ameipeleka kwa halmashauri ya kijiji ile karatasi ya ofisini kwetu, akawaonyesha palipoandikwa kwamba shamba la marehemu ni la watoto wake wa kuwazaa. Kwa hiyo Jumatano hii halmashauri itakaa imwandike yeye kuwa mwenye shamba la mtoni, apate kumwuzia yule bwana wa Dar anayetaka kujenga nyumba ya watalii. Alisema ulisimama mbele ya wazee ukawaambia kwamba umelilima shamba lile miaka kumi na mitatu kwa ruhusa ya Mjomba mwenyewe, kwamba kaburi la mama limo, na kwamba ardhi ya lukolo hupita kwa ukoo wa mama tangu hapo. Wazee wakakujibu kuwa hata wao wanajua hivyo, lakini sasa sheria imekuja imeandikwa. Ndipo ukaniagiza niende kwa wakili wangu nikamwulize ni nani aliyetia maneno yale.

Nimekaa na agizo hilo siku nane. Leo nakujibu, ila nivumilie nianze mbali kidogo.

Unakumbuka kiwanda kilipouzwa na sisi tukapunguzwa. Nilikaa nyumbani miaka miwili, Hosiana akitulisha kwa maandazi, mpaka Wakili Ahmadi akanichukua kwa sababu napiga taipu kwa vidole vyote na Kiswahili changu kinaeleweka. Nafungua mafaili, napeleka hati mahakamani, naambiwa nirudi kesho, narudi kesho. Halafu kila baada ya miezi mitatu tunatoa zile Taarifa za Sheria. Siku hizi sheria zinatoka Dodoma kama maandazi yenyewe: ya uwekezaji, ya mabenki, ya mashirika kuuzwa, sasa ya ardhi za vijiji. Wakili anaandika kwa Kiingereza, mimi naigeuza iwe lugha ya mtu wa kawaida. Zamani alikuwa akiisoma kabla haijakwenda kuchapwa. Baadaye akaacha, akasema ananiamini.

Ukurasa wa nne ni wa misaada, na nina hakika huo ndio watu wanaouanza. Wakili ana moyo wa kutoa, sitasema kinyume, ingawa anapenda kupigwa picha. Mwezi wa sita alitoa mablanketi kwa zahanati ya masista na madawati arobaini kwa shule yenu, akapigwa picha nayo yakiwa bado kwa fundi, na ni mimi niliyesimama na kopo la rangi nikiandika jina la ofisi mgongoni mwa kila dawati. Mkono uliniuma wiki nzima. Toleo la saba lilipanda mlimani katika lori lile lile. Mwalimu mkuu akalibandika ukutani, mwenyekiti akachukua lake, na watu walipoona karatasi yenye mhuri imeshushwa pamoja na madawati, wakaona ni serikali imewakumbuka. Siwalaumu. Nani angeanza kuchunguza karatasi iliyomletea mtoto wake mahali pa kukaa?

Sasa nije kwenye swali lako. Nililitoa faili la toleo la saba na kukisoma tena Kiingereza cha Wakili, ingawa sikuwa na haja, kwa sababu nakijua kwa moyo. Aliandika kwamba ardhi ya kimila itaendelea kufuata mila za mahali, ila mila yoyote isitumike kumnyima mwanamke haki yake. Basi. Kuhusu watoto wa marehemu hakuandika neno.

Mstari ule niliuandika mimi, dada. Mashine haikukosea wala Kiingereza hakikunishinda. Niliyaacha yale maneno ya mwanamke, nikatia yangu mahali pake, nikaona yanakaa vizuri, nikapeleka kuchapwa.

Utauliza kwa nini, na ni haki yako. Ni kile kishamba cha juu ya misheni alichonipa mama, nilichopanda maparachichi na plamsi kila likizo ya kiwandani. Pasaka iliyopita Hosiana aliniuliza kitakuwa cha nani siku nikifa. Nikamwambia kitarudi kwako na kwa Joyce, ndivyo tulivyo. Unajua kwao Upare mtoto hurithi kwa baba yake. Hakugomba. Aliuliza tu kiwanda kilinipa nini baada ya miaka kumi na tisa, nami nikamwonyesha kile cheti cha utumishi mwema, akaendelea kukunja nguo za watoto. Swali lile lilinikaa. Nikawa nawaangalia Janeth na Erick wakila, najiona baba asiye na kitu cha kuwaachia isipokuwa cheti.

Kwa hiyo lilipofika toleo la saba nikajiambia mstari mmoja hautamwumiza mtu. Utabandikwa ukutani, watu watauzoea, na siku yangu ikifika wataona ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mjomba Emmanuel hakunijia akilini hata kidogo, alikuwa mzima analima. Aliyenijia akilini ni wewe. Niliandika nikijua nakunyang'anya wewe na mwanao, ila polepole, nikiwa nimekwisha kufa na huwezi kunitazama usoni. Kumbe Mjomba alikuwa na wiki tatu tu za kuishi, na Fransisko akawahi kuutumia mstari wangu kabla yangu. Naona aibu, dada.

Nakumbuka ulivyokuwa ukishuka na vikapu vya stroberi ili mimi nibaki darasani. Uliniambia mmoja akijua kusoma inatosha kwa nyumba nzima. Na kwetu mjomba ndiye anayemsimamia mtoto wa dada yake ili haki yake isipotee. Mjomba wa Joyce ni mimi.

Juzi Ijumaa nilimweleza Wakili. Aliuliza kwanza kama picha ya madawati ilikuwa kwenye karatasi hiyo hiyo. Nikasema ndiyo. Alitaka tusahihishe katika toleo la mwezi wa tisa, nikamwambia halmashauri inakaa Jumatano. Basi akasema niandike kuwa ni kosa la mpiga chapa, tusidhalilike. Hapo nilikataa, kwa sababu wazee wakisikia kosa la mpiga chapa watasema hata masahihisho yanaweza kuwa kosa la mpiga chapa. Nikaandika kwamba maneno yale aliyaongeza karani wa ofisi kwa makusudi, na kwamba sheria haisemi hivyo. Alisoma mara mbili, akatia sahihi, akagonga mhuri kwa nguvu, na akaniambia mwisho wa mwezi nikabidhi funguo. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Karatasi hiyo imo ndani ya bahasha hii, nitakayompa Angelina kesho sokoni akuletee. Usiitoe mkononi mwako mpaka Jumatano. Nitapanda mwenyewe Jumanne niisome mbele ya halmashauri kwa mdomo wangu, Fransisko akiwapo, na pale pale nitatamka kwamba na kile kishamba cha juu ya misheni ni cha lukolo, si cha wanangu, kisije kikaleta maneno nikifa. Hosiana nimemsomea barua hii yote. Nilidhani atalia au atafoka. Alisema tu huko juu mwezi huu kuna baridi, nichukue sweta.

Ningeweza kungoja nikuambie uso kwa uso, lakini najijua. Nikikuona ningesema nusu, nawe ungenipa chai na nusu nyingine ingebaki kooni. Ukitaka nisifike nyumbani kwako sitakulaumu, nitaomba pa kulala kwa masista. Sikuombi unisamehe kwa barua.

Wasalimie majirani wote wanaoniuliza, na padre, na yule mzee wa kengele kama bado yupo. Mungu akulinde na hicho kifua.

Na wewe Joyce, mwanangu, najua umesoma mpaka hapa kwa sauti. Kama kuna mahali umeruka ili kunisitiri, rudi ukamsomee mama yako. Soma kama nilivyoandika, usipunguze, na usiongeze.

Ni mimi mdogo wako,
Bonifasi