Moto wa Baba, Shimo Langu

Makongeni, Jumamosi, Julai 1996

Baridi tangu asubuhi. Wingu la kijivu limelala juu ya mabati na halina nia ya kuondoka. Nimevaa sweta mbili. Mikono yangu inanuka ingawa nimeiosha mara tatu kwa sabuni ya kipande, na leo hata sijali.

Naandika kabla giza halijaingia, nikiwa bado nayakumbuka mambo jinsi yalivyokuwa. Nikingoja hadi kesho nitaanza kuyapamba.

Nianze na aibu basi, ndiyo inayonikaa karibu.

Lori la taka lilikoma kupita laini yetu ya nyumba zamani sana, na jaa lililo nyuma ya nyumba za mwisho limekuwa likipanda wiki baada ya wiki. Aliyejitwika kulishughulikia ni Baba. Kila Jumamosi saa kumi jioni hugonga kipande cha reli kilichotundikwa kwa waya kwenye mti karibu na mfereji. Hugonga mara tatu. Kina mama wote wanakimbia kuanua nguo. Kisha Baba anawasha moto, na mpaka usiku mtaa mzima unavuta moshi wa maganda, viatu vya plastiki na karatasi za nailoni.

Baba alikuwa fayaman. Kazi yake ilikuwa kulisha makaa ya mawe injini za mvuke za gari-moshi. Injini hizo zilipoondolewa alipelekwa stoo ya karakana kugawa nati na bolti, na mwaka ujao anastaafu. Hapa mtaani bado anaitwa Fayaman, na watoto wa majirani hawajui kwamba ana jina jingine. Moto wa Jumamosi ndio moto pekee uliomsalia.

Mimi, binti yake, ndiye niliyekwenda kwa kamati ya mtaa kuomba uzimwe.

Sikumwambia kwanza. Alinisikia kikaoni, akiwa ameketi viti viwili kutoka kwangu. Tulirudi nyumbani akiwa ametangulia. Nilijiambia kwamba nimefanya hivyo kwa ujasiri. Ukweli ni kwamba niliogopa kumtazama usoni na kumwambia kitu ambacho sote wawili tunakiona kila Jumapili.

Kitu chenyewe ni Mama. Amekuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya tangu nikiwa mdogo. Mwaka huu, Jumapili baada ya Jumapili, anasimama mstari wa mbele na kitambaa chake cheupe, anafungua mdomo pamoja na wenzake, na hakuna kinachotoka. Anahema tu. Usiku nasikia kifua chake kikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Baba naye anasikia. Wanalala kitanda kimoja.

Kikaoni nilizungumza vizuri mno. Nilieleza kuhusu masizi, kuhusu hewa, kuhusu dunia kuzidi joto na jinsi taka za miji zinavyochangia. Mwenyekiti alinisikiliza akichokoa meno kwa njiti ya kiberiti, kisha akasema, "Binti, dunia tutaijadili kikao kijacho. Leo tuambie taka zitaenda wapi." Watu wakacheka. Nikasema zitaenda shimoni, zigeuke mboji. Wakanipa wiki nne. Baba aliambiwa akabidhi kiberiti chake kwa mwenyekiti, akakitoa mfukoni na kumpa bila kuniangalia. Leo saa tisa ndio ulikuwa wakati wa kukaguliwa. Ikionekana ni mbolea, uwanja ule wa jaa ungekuwa wa kina mama walime mboga za sukuma. Ikionekana ni uozo, Fayaman angerudishiwa kiberiti.

Nilichimba shimo hadi mabegani mwangu. Mama Mutindi wa nyumba ya pili, anayeuza mboga kando ya barabara ya Jogoo, alinisaidia kutoa udongo. "Miaka minne chuo kikuu," alisema akipumzikia jembe, "na bado umekuja kuzika maganda ya ndizi na mimi wa darasa la tano. Basi ningesomea nini?"

Nilitaka shimo langu liwe nadhifu. Hilo ndilo kosa, na nitaliandika waziwazi. Nilikuwa nikiona haya taka za watu zionekane, kwa hiyo kila jioni nilishuka mle na buti za mvua, nikazikanyagakanyaga, nikamwagia maji, nikafunika kwa nailoni, nikaweka udongo juu na kuusawazisha kwa mkono. Ukipita ungedhani ni kaburi la mtu aliyependwa sana.

Wiki zilipita bila moshi. Jumapili ya pili Mama aliimba nusu ya ubeti. Ya tatu akaumaliza. Nilijiona nimeshinda.

Jumatatu ya wiki hii nikafunua.

Lilikuwa tope jeusi linalotoa mapovu, na harufu ya mayai viza ikanifanya nirudi nyuma na kukaa chini. Nililitambua hata kabla sijafikiri. Swali hilo niliwahi kulijibu kwenye mtihani wa mwaka wa tatu: taka za jikoni zinapooza pasipo hewa hutoa nini? Methani, gesi inayoshika joto la dunia kuliko hata hewa ya ukaa. Nilipata alama zote. Kichwa kilijua, ila miguu ndiyo iliyokuwa ikishindilia kila jioni.

Nilikuwa nimeondoa uchafu unaoonekana, nikaweka usioonekana.

Nikafunika tena. Jumanne Mama Mutindi alipaza sauti juu ya ua: "Msomi, mbolea yetu yaendeleaje?" Nikajibu, "Inaiva." Jumatano asubuhi nikamjibu vilevile. Sijawahi kujidharau kama siku hizo mbili. Sikuogopa kuchekwa na watu. Nilikuwa nikihesabu Jumapili ambazo Mama alikuwa amebakiza za kuimba.

Jumatano jioni Baba alitoka kazini akaja moja kwa moja uwanjani, bado na ovaroli lake la stoo. Nadhani harufu ndiyo iliyomwita. Akainua nailoni kwa ncha ya kiatu. Nikangoja aseme nilichostahili kuambiwa.

"Nani alikufundisha kushindilia?" akauliza.

"Hakuna, Baba."

"Ukijaza makaa kwenye tanuri mpaka mlangoni, mama, moto unakufa na chakula mdomoni." Huniita mama akiwa mpole, na nilikuwa sijaitwa hivyo tangu siku ya kikao. Akachuchumaa. Akanieleza kwa mikono jinsi injini ilivyolishwa: kidogo kidogo, mara kwa mara, tabaka jembamba lililotandazwa sawasawa, na chini yake wavu ulio wazi ili upepo upande. Fayaman mbaya, alisema, utamjua kwa bomba lake. Likitoa moshi mweusi, mkaguzi anasimama stesheni na kalamu, maana weusi ule ni makaa uliyoyatupa angani. Bomba la fayaman mzuri utadhani halina moto.

Nilimsikiliza, na swali likanijia. Wiki tatu hatukuwa tumezungumza. Nikaliuliza.

"Na ule wa Jumamosi, Baba?"

Alitazama pale jaa lilipochomwa miaka yote hiyo, udongo umekuwa mweusi na kung'aa kama lami. Nilisikia gari-moshi likipunguza mwendo kuelekea mjini, na sote wawili tukaligeukia, kama tunavyofanya siku zote.

"Ule," akasema, "ungeniachisha kazi."

Basi. Hakuna aliyeomba msamaha. Alivua ovaroli, akaniomba jembe uma.

Jumatano na Alhamisi jioni tulilitoa lile tope lote. Nilikwenda kwa Mama Mutindi nikamwambia kwamba nilikuwa nimemdanganya. Akaja, akaziba pua kwa leso, akachungulia. "Uliniambia inaiva! Nekesa wee, hii iliiva zamani, sasa ni maiti." Alicheka hadi akashikilia ukuta. Kisha akarudi kwake na kuja na magunia mawili ya maranda. Mumewe huchonga twiga na tembo wa mti uani, na maranda yote hayo yalikuwa yakiishia kwenye moto wa Baba.

Safari hii hatukuchimba. Baba alilaza matawi chini, yakipishana kama wavu. Juu yake tabaka la maranda makavu, kisha tope, kisha nyasi za kando ya reli, kisha maganda mapya, na kila tabaka akalitandaza kwa koleo kwa mkunjo wa kiwiko ambao stoo haikuwahi kumpa nafasi ya kuutumia. Katikati alisimamisha mti mrefu, tukaujengea pande zote, halafu akauchomoa polepole. Likabaki tundu.

"Bomba," akasema.

Leo saa tisa walikuja. Mwenyekiti na wajumbe wake wawili, kina mama wa laini nzima, na Mama mwenyewe, amejifunika shali, amesimama nyuma kama mtu aliyepita tu. Nilikuwa nimeamua nitaanza kusema mimi. Nikawaambia mbolea hakuna. Nikawaambia nililishindilia shimo, likaoza vibaya, na hili lundo wanaloliona lina siku mbili tu. Sikutaja dunia.

Mwenyekiti akatazama saa yake. "Kwa hiyo tulichokuja kukagua hakipo."

"Ngoja kidogo, Mwenyekiti," akasema Baba. Alikuwa ameuchomeka ubavuni mwa lundo ufito wa chuma tangu asubuhi. Akauvuta. "Shika hapa."

Mwenyekiti akashika, akauachia pale pale. "Ala! Fayaman! Umechoma hii wapi?"

"Nichome na nini? Kiberiti changu si unacho wewe?"

Mwenyekiti akajipapasa mfukoni. Kweli kilikuwa naye. Baba akalisogeza gunia lililofunika tundu la juu, na katika baridi ile ya Julai mvuke ukapanda, mweupe, mwembamba, ukapotea kabla ya kufika usawa wa paa. Hakuna aliyekohoa. Mama Mutindi akapiga makofi. "Fayaman amerudi kazini!" Watu wakashangilia, na mwenyekiti akarudi kuushika ufito mara ya pili, na ya tatu, kama mtoto.

Nilieleza basi, kwa maneno machache. Kwamba joto lile linatoka kwa vijidudu vinavyokula taka, vinahitaji hewa kama sisi, na vikipata hewa havitoi ile gesi mbaya. Kwamba lundo lazima lipinduliwe kila wiki. Mjumbe mmoja akauliza kuhusu nailoni. Nikasema sijui bado. Makopo mnunuzi wa vyuma atachukua, lakini nailoni tutazitenga kwenye magunia hadi nipate jibu, na hazitachomwa. Nilidhani "sijui" ingeniangusha. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia hesabu inayojumlika.

Uwanja ni wa kina mama. Kiberiti mwenyekiti ameondoka nacho, atawashia sigara zake.

Nimekuwa nikiufikiria ule mlima wa taka ambako malori ya mji mzima huenda kumwaga. Kinachomwagwa pale kinakandamizwa na kingine kinachomwagwa juu yake, kila siku. Ni shimo langu lile lile, kubwa tu kuliko macho yangu. Lakini sasa najua harufu yake kwa pua, si kwa kitabu tu, na najua linavyorekebishwa. Wiki ijayo nitashuka soko la Gikomba, ambako maganda na majani ya mboga hutupwa kwa marundo, kisha mtaa wa Majengo. Nitaingia na koleo kwanza, hotuba baadaye. Naona inawezekana. Sijawahi kuona jambo kwa uwazi hivi.

Watu walipotawanyika ilikuwa inakaribia saa kumi. Baba akaenda pale mtini na kugonga reli mara tatu.

Nilishtuka. Kisha nikaelewa kwamba anawaita watu walete maganda yao. Lakini kina mama hawakungoja kuelewa. Walikimbia wote, kandambili zikipiga, mikono ikaanza kung'oa nguo kambani, na Mama akiwa wa kwanza, ameshika ncha ya shuka, kibanio mdomoni.

Baba akasimama na chuma cha kugongea mkononi, hajui pa kuficha uso.

Mama aliitazama shuka. Akaitazama mbingu, akavuta pumzi moja ndefu hadi mwisho, sikusikia ikikwama. Kisha akairudisha shuka kambani, akabana upande mmoja, akabana wa pili. Jirani yake akafanya vivyo hivyo. Mmoja baada ya mwingine, laini nzima, nguo zikarudi.

Bado ziko nje, naziona kutoka dirishani. Hazitakauka leo kwa baridi hii, na hakuna anayeharakisha.

Kesho kanisani nitakaa benchi la kwanza, mbele kabisa ya kwaya. Baba amesema atakaa nami.