Gitaa Nililochagua Peke Yangu

Mpendwa Nekesa,

Salamu kutoka Kitengela. Natumaini masomo huko Kisumu yanaendelea vizuri. Mimi ni mzima. Baba yako mdogo amehamia Namanga kikazi, na nyumba imekuwa kubwa kuliko nilivyoijenga.

Umeuliza ununue gitaa gani la nyuzi za nailoni kwa bei ya wastani. Kwa bei hiyo, lipia ubao wa mbele. Uwe wa mbao halisi, si plaiwudi. Hakikisha pia shingo imenyooka. Usilipie mapambo.

Mimi niliyalipia. Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu mgeni hapa, kabla marehemu nyanya yako hajanifuata. Muuzaji wa Nairobi aliniuliza, "Mwalimu, umekuja na nani akusikilizie? Sauti ya gitaa huenda mbele. Anayelipiga hulisikia vibaya."

"Niko peke yangu."

"Basi rudi Jumamosi na rafiki."

Sikuwa na rafiki wa kumleta, na niliona aibu kusema. Nikanunua lililong'aa zaidi. Jumapili nikalipiga kanisani, nikitumaini watu wataanza kunizoea. Mama mmoja akaniambia mlangoni, "Mwalimu, mkono tuliuona ukienda, lakini sauti ulibaki nayo." Tukacheka, kisha nikaenda kula chakula cha mchana peke yangu.

Kwa hivyo usiende dukani bila mtu. Ukimkosa, nipigie simu ukiwa huko, uiweke mbele yako, mbali kidogo, kisha upige kila gitaa. Siku yoyote ni sawa. Niko nyumbani.

Babu yako