Mabomba Mawili Uliyotutumia

S.L.P. 14,
Kasulu.
25 Agosti 1977

Mpendwa mdogo wangu Hilali,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba saumu inakwenda vizuri katika joto lenu hilo la Dar es Salaam. Kile kikohozi chako je, kimekwisha au bado unakificha? Sisi huku tu wazima, kwa maana ya kuwa tunapumua. Mama anakula kidogo, analala kidogo, na anafunga ingawa tumemkataza. Mwajabu yuko ndani na eda yake. Watoto wa marehemu wanacheza, wanasahau, kisha wanakumbuka na tunaanza upya kuwabembeleza.

Telegramu yako ya pole tuliipata. Usijisumbue moyo kwa kukosa maziko. Hata ungepanda treni saa ile ile usingemwahi kaka yako. Tulimzika Ijumaa asubuhi, na watu walikuwa wengi mno, hata wa misheni walikuja.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Barua yako, ile uliyoandika kabla hujapata habari, imezunguka huko ilikozunguka na kutufikia baada ya khitma. Inacheka toka mstari wa kwanza. Unamtania Abdalah kwamba asijidai fundi kwa kuwa tu ana mashine ya kuoshea mazulia, kisha unamuuliza: kati ya yale mabomba mawili ya kushika mkononi, uliyomtumia pamoja na mashine ayafunge kwa zamu, lipi ni bora? Unasema huko kazini kwenu mnataka kutengeneza mengine kwa mfano wa lile litakaloshinda, na la kwanza litakwenda kwa Tamimu, mtoto wa baba mdogo, kule Kibondo.

Nilitaka kuichana. Mama akanishika mkono. "Mjibu," akasema. "Kauliza kwa sababu hajui."

Basi nakujibu, na uisome yote. Telegramu yetu ilisema ajali tu, na ajali yenyewe imo ndani ya swali lako.

Nianze na bomba jepesi, lile lisilo na waya. Shingo ndefu, mpini wa mbao, mdomo mwembamba unaonyunyiza maji ya sabuni na kuyanyonya palepale. Halina ujanja wowote. Unalivuta kuja kwako polepole, unarudia, na nguvu zote ni za mtu. Abdalah alilalamika kwamba linamfanya ainame kama anayepalilia maharage. Na vumbi letu jekundu unalijua, likishazama ndani ya manyoya ya zulia halitoki kwa kubembelezwa. Bomba lile linaacha michirizi, sitakuficha.

La pili, la burashi, ndilo lililomtia wazimu. Burashi ya duara mdomoni, inazungushwa na mota ndogo, na waya wake unapita ndani ya shingo hadi kwenye swichi ya mpinini. Chuma kitupu toka juu hadi chini. Tena lina bawaba katikati ya shingo, linakunjwa na kuingia kwenye sanduku lake kama mwavuli. Wageni wakija alikuwa analikunja na kulikunjua mbele yao, mtu mzima na ndevu zake. Mwajabu akawa anamwambia kama anataka kuoa mke wa pili aseme tu wazi.

Aliyajaribu yote mawili kwa jirani yetu Josephina, mwalimu yule aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba. Umeme ulikuwa wa jenereta la Melkiadi, mwenye mashine ya kusaga pale sokoni. Akaligawa zulia nusu kwa nusu. Upande wa bomba jepesi ulitakata, lakini kwa chini ulibaki na wekundu, na ulikauka kesho yake. Upande wa burashi yalitokea maua ambayo Josephina mwenyewe alikuwa hakumbuki kama yapo, na kabla ya jua kuzama ulikuwa mkavu. Siku hiyo Abdalah alivaa mabuti yake ya mpira, kwa sababu uliandika kwenye barua ya kwanza kwamba bomba la burashi lisiguswe kamwe bila mabuti. Mimi ndiye niliyemsomea, basi katika hilo nakupa haki yako.

Habari ikaenea, unajua mji wetu ulivyo. Wazee wa msikiti wakamwomba aoshe zulia la msikiti kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, lile kubwa lililoletwa kutoka pwani enzi za baba. Alifurahi hata akakosa usingizi. Alikataa malipo, akasema hii ni sadaka ya baba. Kulitoa nje haikuwezekana, upepo wa msimu huu ungelirudishia vumbi lote. Kwa hiyo lilioshwa palepale ndani, siku ya Alhamisi, na ilikuwa lazima likauke kabla ya sala ya Ijumaa. Hapo ndipo alipoliacha bomba jepesi nyumbani.

Asubuhi ile Melkiadi aliona ganda la waya limechubuka pale penye bawaba. Ni kule kukunja na kukunjua, Hilali. Aliyelibuni bomba hilo alifikiria sanduku la kulitia, waya hakuufikiria. Abdalah akapafunga kitambaa, akasema kitatosha kwa leo, atapatengeneza vizuri baadaye.

Kufika mlangoni pa msikiti akavua mabuti. Hakuna aliyemwambia avue. Aliyaweka kwenye ngazi, moja kando ya jingine, kama siku zote anapoingia kusali. Melkiadi alibaki uani na jenereta lake, maana yeye ni Mkristo na ana adabu zake, hakutaka kuingia. Akamkumbusha habari ya mabuti. Abdalah akamjibu, "Nitaingiaje na mabuti nyumba ya Mungu?" Melkiadi akarudi kuwasha jenereta. Ameniambia mwenyewe, huku analia, kwamba angekuwa Mwislamu angebishana naye.

Aliosha safu za mbele, karibu na kibla. Waliokuwa barazani wanasema walimsikia akisoma kaswida kwa sauti ya chini. Zulia lilikuwa limelowa, miguu yake mitupu, na kile kitambaa nacho kikalowa. Umeme ukamnasa, mikono ikakataa kuachia. Melkiadi alisikia jenereta limebadilika sauti, akalizima, akaingia ndani mbio na viatu vyake. Walimpakia kwenye Landrova ya kwanza iliyopita barabarani. Hospitali, mganga alimsikiliza kifua, kisha akamfunika uso.

Hivyo ndivyo kaka yetu alivyokufa.

Nakwambia la moyoni ili lisikae kati yetu. Nilikukasirikia. Nilisema mbele ya wanawake waliokuja msibani kwamba umemtumia kaka yako mauti ndani ya sanduku. Mama akanikemea vikali, akasema ulimtumia riziki, na kwamba onyo ulilitoa. Ni kweli ulilitoa. Hasira yangu sasa imeishiwa nguvu, imebaki huzuni tu, na huzuni hii ni yako pia, maana nakujua, hivi sasa umeiweka barua chini na umeshika kichwa. Ichukue tena, bado sijamaliza.

Tamimu alikuja msibani. Alilia sana, sina la kumsema. Lakini kabla hajarudi Kibondo akaniuliza mashine itakuwa ya nani sasa, na je, hawezi kupewa bomba la burashi, kwa kuwa ameahidi kuosha msikiti wa kwao kabla ya Idi. Anasema yeye atakuwa mwangalifu. Na Abdalah alikuwa mzembe? Mtu aliyekuwa akiukagua mnyororo wa baiskeli kabla ya kwenda hata sokoni?

Nikamwita Melkiadi na msumeno wake wa chuma. Amelikata vipande uani kwetu, Tamimu yupo anatazama. Alinuna, akachukua bomba jepesi na mashine, akaondoka. Kwa hiyo asikubembeleze kwa barua. Usimtumie jingine la burashi, na kama tayari liko kwenye treni, piga telegramu stesheni ya Kigoma lizuiwe. Ana watoto wadogo kuliko wa Abdalah.

Basi, lipi ni bora? Kwa kuosha zulia, la burashi, hakuna ubishi. Kwa mtu kurudi nyumbani jioni, ni lile jepesi. Mwambie fundi wenu atengeneze hilo. Akitaka kuliboresha, aupanue mdomo ili michirizi ipungue, na aipinde shingo karibu na mpini ili mtu asiiname. Hayo si maneno yangu, aliyasema Abdalah nyumbani kwa Josephina, huku amejishika kiuno.

Kuna jambo jingine. Shehe alipokuja kutufariji, Mama alimuuliza kama mabuti yaliyooshwa, yasiyo na najisi, ni dhambi kuingia nayo msikitini kwa kazi ya kuuosha. Siku ile Shehe mwenyewe alikuwa barazani, alimwona Abdalah akivua, na anasema aliifurahia adabu yake. "Si dhambi, mama," akasema mwishowe. "Angeuliza ningemwambia." Alilia mbele yetu, mtu mkubwa kama yule.

Jana Mama alitaka nimsomee tena barua yako. Safari hii nilifika hadi ukurasa wa mwisho, pale unaposema kwamba kila Alhamisi, ukitoka kazini, unapita kuosha zulia la msikiti wa mtaani kwenu kwa bomba la burashi la kazini, kwa ajili ya thawabu. Mama akanisimamisha. "Anaingia na viatu?"

Melkiadi anakusalimu, na Josephina pia. Zulia lake amelikunja, halitandiki tena. Mwajabu anasema umwombee marehemu. Mpe wifi salamu zangu, wabusu watoto, na umwambie yule mkubwa kwamba shangazi yake amemwekea asali. Mungu akulinde unapokwenda na unapogusa, aipokee saumu yako, na amlaze kaka yetu mahali pema.

Barua hii anakuletea Dionis, karani wa shule anayekuja huko kwa masomo, pamoja na furushi. Ndani yake kuna mabuti ya Abdalah. Nimeyaosha mwenyewe, nje na ndani, na Shehe ameyaona akasema ni safi. Mguu wake ulikuwa mkubwa kuliko wako, kwa hiyo vaa soksi nene. Mama anasema Alhamisi usiyaache mlangoni.

Dada yako akupendaye na anayesubiri jibu,
Zuleha