Mitalawanda ya Mama Mdogo Cadija

Palma, Tungue,
14 Oktoba 1972

Mpendwa ndugu yangu Buanali,

Assalam alaikum. Hamjambo huko Mikindani? Shemeji na watoto wazima? Na mama yako, mama mdogo Cadija, goti limepata nafuu? Sisi tuna uhai, ila vita imetubana. Hata kwenda Mucojo ni mpaka upate cheti. Barua hii anakuletea Cassamo muuza chumvi, kwa njia ya Namoto. Ukishamsomea mama, ichome.

Nina jambo limenikaa rohoni miaka miwili.

Unajua kazi yangu ni kwenye mashine ya umeme ya posto, ofisi ya serikali hapa. Mwaka ule wa sabini nyaya ziliadimika. Mkubwa wangu Mreno akaamua taa za bandarini zipelekewe waya mmoja tu, umeme urudi kwenye mashine kwa kupitia ardhini. Mimi nikapewa kuzika terra, yaani bamba la chuma la kuupokea. Akasema nitafute ardhi yenye majimaji. Kwa uvivu wangu wa kwenda mbali nikalizika nyuma ya msikiti, hatua chache kutoka kwenye pampu ya udhu.

Basi taa zikiwaka magharibi, kila aliyeshika pampu akawa anapigwa na kitu mkononi. Wote, ila mama mdogo. Ile mitalawanda uliyomchongea ilikuwa haimtoki miguuni, na mti mkavu haupitishi umeme. Wenzake walikuwa miguu mitupu.

"Jini lake lile," wakasema, "ndo maana mwenyewe halimgusi."

Nilijua ni umeme wa bamba langu, Buanali. Wallahi nilijua tangu siku ya tatu. Niliogopa, maana aliyeharibu kitu cha serikali alihesabiwa mtu wa Frelimo, akachukuliwa. Nikajidanganya kuwa maneno yatapoa. Wakampiga mawe mlangoni, akavuka mto kuja kwako.

Juma lile lile nikalihamishia bamba pwani kwa siri. Pampu ikatulia. Watu wakasema, si mnaona, kaondoka nalo! Kutengeneza kwangu ndiko kulikommaliza. Na sasa umeniandikia kuwa hata yeye ameamini, hagusi ndoo ya mtu asije akamdhuru.

Ijumaa iliyopita nililirudisha bamba pale pale. Taa zilipowaka nikamwomba mwalimu Amade wa msikitini na jamaa waishike pampu. Wakaruka. Nikavaa mitalawanda ya mama, aliyoiacha uani alipokimbia, nikaishika mimi. Sikupatwa na kitu. Nikawaeleza yote. Hakuna aliyeuliza habari za umeme. Mwalimu Amade aliuliza moja tu:

"Umemwona mamako anafukuzwa, we ukanyamaza?"

Bamba nimeling'oa tena. Mkubwa akipata habari, litakalonipata nimelitafuta mwenyewe.

Msomee mama polepole. Mwambie hana jini, wala hakuwa nalo hata siku moja. Alikuwa na mwana mwoga. Mitalawanda yake anayo Cassamo. Asipotaka kuniona tena sitamlaumu, ila namwomba ateke maji kisimani kwenu kwa mkono wake, majirani wakimwona.

Nisalimie shemeji Mariamo na mwanangu Luís. Mungu awakinge, na mto huu auache wazi kwa anayetaka kurudi.

Ndimi nikupendaye, hata kama wewe leo utashindwa kunipenda,

Abacar